Silabi Moja

Mabatini nyumba zimeegemea mawe
kama wagonjwa waliochoka kungoja zamu,
na sisi tulikuwa na jiwe letu, la uani,
mama akianika juu yake vitu vitatu:
dagaa, sare zetu za shule, na betri za redio.

Betri nne, zimelala kifudifudi zikiota jua.
Ikifika saa kumi zilishapata nguvu
ya wimbo mmoja na nusu.
Nusu ile ndiyo iliyonilea.

Maana wimbo wa pili, siku nyingi,
ulikuwa wa Lubango Magesa,
na redio ikapenda kukata roho palepale:
"Ufunguo nimeuacha chini ya jiwe,
mlango usiulau..."
Kisha kimya. Kuku. Mtu anatwanga kwa jirani.

Mwaka ule baba alikwenda Geita kwenye machimbo.
Alfajiri alikosha uso, akavaa shati la harusi,
akaweka ufunguo chini ya jiwe la kufulia
kama alivyoweka kila siku,
ingawa kufuli lenyewe lilikwisha potea
na mlango tulikuwa tunaufunga kwa kamba.

Nikaamini, mtoto wa miaka tisa,
kwamba Lubango alipita kwetu.
Alipanda kilima akihema, gita mgongoni,
akainua jiwe, akaona, akalirudisha taratibu.
La sivyo angejuaje?

Mdogo wangu Malando alilala mkeka uleule.
Redio moja, baba mmoja asiyerudi,
na wimbo ule kwake ni besi tu, dum, dum, basi.
Humwambii kitu.
Lakini nilimwona mimi, sokoni Kirumba,
mwanamume mzima, fungu la mapanki mkononi,
amesimama mbele ya duka la watu analia
kwa wimbo wa tangazo la sabuni.
Sikumuuliza.
Nilicheka baadaye, peke yangu, na si sana.

Zipo nyimbo nzuri kuliko ule.
Nimezisikia, tarumbeta zimenyooka kama zimepigwa pasi,
maneno yamepangwa na mtu aliyesoma.
Nazisifu kama unavyosifu harusi ya jirani:
pilau limeiva, bibi harusi kapendeza,
na unarudi kwako kulala.

Mwaka juzi nilimkuta Igogo.
Anatengeneza majiko ya mafuta ya taa,
meno mawili ya mbele hayapo,
ncha za vidole bado zina sugu ya nyuzi.
Nikatua jiko langu. Nikamuuliza
ule ufunguo ulikuwa wa nani.

"Upi?"
Nikamwimbia, vibaya.
Akapuliza masizi, akakohoa.
"Mama, hapakuwa na ufunguo.
Pale niliweka 'upendo', ukapelea silabi moja.
'Ufunguo' ukajaza.
Nyumba yenyewe sikuwa nayo,
nalala klabuni juu ya makreti."

Silabi moja!
Miaka thelathini nimekaa ndani ya kitundu hicho
na mama yangu, na kamba ya mlango,
na shati la harusi likishuka kilimani
bila kugeuka.
Nilitaka kukasirika. Nikatafuta pa kuanzia.
Huko ziwani kivuko cha Kamanga kikapiga honi,
tukanyamaza wote wawili, kama adabu.

Kisha akaweka bisibisi chini.
"Kwani wewe unajua ulikuwa wa nani?"

Nikamweleza. Jiwe, kufuli, Geita.
Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua
aliyoiandika mwenyewe akiwa na homa.
Mwisho akasema, "Kumbe."
Akarudia, chini zaidi, "Kumbe,"
na kidole chake kikagonga bati la jiko
mara nne, polepole,
u, fu, ngu, o.

Hakunitoza hata senti.
Jiko bado linavuja, utambi wa tatu.
Jumamosi nitampelekea tena.